Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumika kumsuta mgeni mvivu aliyeganda kwa mwenyeji wake kama kupe. Lakini mwenye kuitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake mna maana nyingine, tena nzito kuliko hiyo. Jembe halikuwa adhabu, lilikuwa mlango. Aliyepewa jembe alikuwa amekwisha kukubaliwa. Tangu saa ile hakuwa mgeni tena, bali mtu wa mji ule, mwenye sehemu yake shambani na haki ya kusema neno penye mkutano. Asiyepewa jembe alibaki mgeni, hata kama alikaa mwaka mzima na kuzoeana na mbwa wa nyumba.

Nasema katika makala haya kwamba vyuo vyetu vimeisahau methali hiyo. Vinawapokea vijana kwa maelfu, vinawapa kitambulisho, kitanda na ratiba ya masomo, lakini jembe haviwapi. Kisha, ufikapo mwaka wa mwisho, husikika malalamiko kwamba darasa halina umoja: wachache husema na wengi hunyamaza, wachache hufanya kazi na wengi huandikwa majina tu, na kila kundi limejitenga kwa mkoa wake, kwa dini yake au kwa uzito wa mfuko wake. Hulalamikiwa kana kwamba mambo hayo yameshuka na mvua. La hasha. Yalipandwa katika majuma matatu ya kwanza, mchana kweupe, na hapakutokea mtu wa kuyang'oa yangali miche.

Nachukua mfano wa Dodoma, kwa kuwa sioni mahali panapofaa zaidi. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, katikati ya nchi, ili Serikali iwe karibu na watu wa pande zote. Uamuzi huo ulichukua miaka mingi kutimia. Ni mwaka 2016 ndipo Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Katika muda huo huo vyuo navyo viliota juu ya ardhi hii kavu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Chuo cha Elimu ya Biashara kikafungua tawi lake. Hombolo pakawa na Chuo cha Serikali za Mitaa. Majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo yakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, juu ya vilima vya Chimwaga, kwa shabaha ya kuchukua wanafunzi 40,000. Hapo sijakitaja Chuo cha Ualimu Mpwapwa, ambacho kimetoa walimu tangu enzi za utawala wa Mwingereza.

Basi kila mwaka, kati ya mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati mvua bado haijaanguka na vumbi jekundu lazunguka barabarani, huteremka hapa vijana kutoka Kagera na Mtwara, kutoka Kigoma na Tanga, kutoka Pemba na Songea. Wengi wao hawajapata kuketi dawati moja na mtu wa upande ule mwingine wa nchi. Kile ambacho waanzilishi wa taifa walikitamani, yaani Watanzania wakutane katikati, kinatokea hapa kila mwaka pasipo gharama ya ziada. Je, twakifanyia nini?

Tunawaachia wenyewe. Hilo ndilo jibu, na lina watetezi wake. Wako wasemao: "Hawa si watoto wa shule ya msingi. Ni watu wazima. Waacheni, watazoeana wenyewe." Kauli hii husemwa kwa utulivu mkubwa, kana kwamba ni hekima. Mimi naiona kuwa ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima. Ni kweli kabisa kwamba watazoeana. Lakini mtu huzoea hata paa linalovuja. Hujifunza kusogeza kitanda. Kuzoeana si kushikamana. Watu wanaweza kuzoeana katika dhuluma, mmoja akazoea kudharau na mwingine akazoea kudharauliwa, na nyumba ikaonekana imetulia. Utulivu huo sio ninaouzungumzia.

Wataalamu wa mambo haya wamekwisha kuyachunguza. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, alipitia maandishi mengi ya wenzake juu ya vikundi vidogo vya watu, akayapanga kwa hatua nne: watu hukutana, hugongana, huwekeana kanuni, kisha hufanya kazi. Mwaka 1977, yeye na mwenzake Mary Ann Jensen, wakaongeza hatua ya tano, nayo ni kuagana. Hatua hizo hufundishwa leo katika vyuo vingi, wanafunzi wakazikariri na kuzijibu katika mitihani, ilhali darasa lenyewe lililoketi pale limeachwa lizipitie gizani. Sisemi kwamba kila kundi hupita njia hiyo kwa mstari ulionyooka. Nashika neno moja tu: kabla watu hawajafanya kazi pamoja, huwekeana kanuni. Kanuni hizo hazibandikwi ukutani wala hazipigiwi kura. Lakini zina nguvu kuliko zile za mkuu wa chuo. Na penye watu wasioongozwa, mwenye kuandika kanuni ni mwenye sauti kubwa.

Kanuni ya kwanza ni hii: nani aseme na nani anyamaze. Tumchukue msichana aliyetoka shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, huku akifundishwa na walimu wachache mno. Alama zake ni nzuri. Asingefika chuoni bila hizo. Siku ya pili ya masomo ananyosha mkono, anauliza swali zuri, lakini neno moja la Kiingereza linamponyoka vibaya. Nyuma ya darasa watu watano wanacheka. Mhadhiri anatabasamu, kisha anaendelea. Jambo lote limechukua muda wa kupepesa jicho. Msichana yule anaketi, anafunga daftari lake, wala hanyoshi mkono tena hadi siku ya kuvaa joho. Si yeye peke yake. Wapo thelathini wengine waliokuwa na maswali yao, nao wameona. Darasa limekwisha kupitisha sheria: asiye na Kiingereza cha mjini asiseme. Sheria hiyo haikujadiliwa, lakini itatiimizwa kwa miaka mitatu kwa uaminifu kuliko kanuni za mahudhurio.

Kanuni ya pili ni hii: nani afanye kazi na nani aandikwe jina. Hutolewa kazi ya kikundi, watu kumi kwa karatasi moja. Wawili huenda maktaba. Mmoja huchapa. Saba hutuma majina yao na namba zao za usajili usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Alama ni moja kwa wote. Wahenga walikwisha kulitaja jambo hili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nao wazungu wamelipima kwa vyombo. Mhandisi Mfaransa, Max Ringelmann, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba watu wakivuta kamba pamoja, kadiri wanavyozidi ndivyo kila mmoja anavyovuta kwa nguvu pungufu kuliko akivuta peke yake. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walikwenda mbele zaidi: walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamfanya aamini kwamba nyuma yake wako wengine wanaovuta, kumbe yuko peke yake. Naye akalegeza mkono. Hakuelemewa na kitu chochote; alidhani tu kwamba wako wengine.

Mkulima wa kwetu hakuhitaji kipimo ili alijue hilo. Katika kilimo cha ujima, watu walipokusanyika kumlimia mwenzao, hawakumwagwa shambani kama kuku. Kila mmoja alikatiwa ngwe yake. Shamba lilikuwa moja, wimbo ulikuwa mmoja, na chakula kililiwa pamoja, lakini ngwe ilikuwa na mwenyewe, na jua lilipotua kila jicho liliona ni ngwe ya nani iliyobaki na magugu. Huo ndio umoja wenye akili. Kazi ya kikundi isiyo na ngwe haifundishi ushirikiano. Inafundisha unyonyaji, tena inautunukia alama.

Kanuni ya tatu ni hii: nani awe na nani. Litazame darasa siku ya kwanza. Watu wameketi kama walivyoteremka katika basi: waliotoka shule moja pamoja, wa mkoa mmoja pamoja, wa kanisa moja au msikiti mmoja pamoja, wenye mavazi ya bei pamoja. Hapo hapana kosa. Mtu aliye ugenini humtafuta amjuaye. Kosa ni kwamba juma la tatu bado wameketi vivyo hivyo, na kiti kimekuwa urithi. Siku hizi kundi hufungwa kwa simu pia. Darasa huunda kundi lake la simu, na habari zote, hata za kubadilishwa saa ya kipindi, hupitia humo. Asiye na simu janja, au aliyeishiwa fedha ya kuinunulia data, hufika na kukuta chumba kitupu. Humwona mlinzi tu. Kisha huambiwa kwamba yeye si mtu wa kushirikiana.

Na juu ya kanuni hizo tatu huwekwa kiongozi wa darasa. Huchaguliwa siku ya tatu au ya nne, wakati ambapo hakuna ajuaye tabia ya mwenziwe. Basi huchaguliwa kwa sauti au kwa suti. Mara nyingi ni yule aliyecheka kule nyuma.

Ipo tena desturi ambayo ni mbaya kupita hizo zote, nayo ni kumkaribisha mpya kwa kumdhalilisha. Katika shule nyingi za bweni mpya aliitwa njuka, akatumwa maji, akaimbishwa usiku, akachekwa kwa lafudhi yake. Wako waliopitia huko ambao hadi leo wanaitetea, wakisema kwamba mateso yale huwaunganisha wapya. Sikubaliani nao hata kidogo. Huwaunganisha jinsi simba anavyowaunganisha swala: kila mmoja akitumaini kwamba atakayekamatwa ni mwenziwe. Na mfano mchungu kuliko yote haukutoka Dodoma bali Dar es Salaam. Katika Chuo Kikuu cha huko palikuwa na kundi la siri lililojiita Punch, ambalo lilibandika ukutani michoro na maneno ya kuwaaibisha wanafunzi, hasa wanawake. Wengi waliita jambo lile utani wa wasomi. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa. Tangu siku ile hakuna mtu mwenye haki ya kusema kwamba kicheko cha kundi ni jambo dogo.

Wala tusiutupie utani lawama hiyo. Utani wa Watanzania ni hazina. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wanataniana msibani na harusini. Lakini utani una sheria yake: yule unayemtania ana haki ya kukujibu, tena siku ya shida wewe ndiwe wa kwanza kumbebea mzigo. Kicheko kisichojibiwa si utani. Ni ubabe.

Najua watetezi wa kuwaacha vijana wenyewe wana hoja mbili zaidi. Hoja yao ya kwanza ni idadi. Husema: "Darasa lina watu mia tano. Utawafanyaje mia tano wawe ndugu?" Nami najibu kwamba hakuna aliyeomba mia tano wawe ndugu. Mia tano ni vikundi hamsini vya watu kumi kumi. Kijiji nacho kina watu wengi, lakini mtu hupewa balozi wake wa nyumba kumi, naye humjua kwa jina. Idadi kubwa si sababu ya kuacha kupanga. Ndiyo sababu ya kupanga.

Hoja yao ya pili ina heshima zaidi, nayo ni ya uhuru. Husema kwamba kuwapangia watu wazima waketi na nani na wafanye kazi na nani ni kuwanyima uhuru wao, na kwamba umoja wa kulazimishwa huzaa unafiki. Hapa pana ukweli, nami naupokea. Taifa letu limepata kuona umoja wa makofi, ambapo watu wote hupiga makofi kwa pamoja na hakuna aliyesadiki. Umoja huo siutaki. Lakini nauliza: yule msichana aliyefunga daftari ana uhuru gani? Yule asiye na simu ana uhuru gani? Mwalimu akijiondoa, uhuru haubaki wazi. Hukaliwa mara moja na mbabe. Mwalimu anayeweka utaratibu katika majuma ya kwanza hawanyang'anyi wanafunzi uhuru wao. Anauchukua mikononi mwa wachache na kuugawa kwa wote.

Tena umoja ninaoutaka si wa kufanana. Nanena kama mtunga mashairi, nami najua kwamba ubeti hauundwi kwa mizani peke yake. Kila mshororo lazima uwe na neno lake la kusema. Na anayetaka ushahidi wa karibu zaidi na ausikilize uimbaji wa Wagogo, wenyeji wa nchi hii ya Dodoma. Waimbaji hawaimbi sauti moja. Huyu apanda, huyu ashuka, huyu anyamaza apate kumpisha mwenziwe, na wanawake wakishika ngoma zao za muheme kila mkono huingia mahali pake. Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma na kufariki mwaka 2003, aliuchukua muziki huo pamoja na zeze na ilimba akaufikisha nchi za mbali, na huko watu walistaajabu jinsi sauti nyingi zinavyoweza kuwa kitu kimoja pasipo hata moja kumezwa. Hilo halitokei kwa watu kuzoeana. Hutokea kwa kujifunza, na mafunzo huanza mtu angali mtoto mgongoni.

Tukitafuta basi namna ya kulijenga darasa, hatuna haja ya kwenda kuomba ng'ambo. Wagogo, kama makabila mengine mengi, waliwatia vijana jando kwa pamoja, na waliotahiriwa pamoja wakawa rika moja maisha yao yote. Sidai kwamba yote ya zamani yarudishwe. Fimbo na vitisho vya jandoni havina nafasi chuoni, na ukeketaji wa wasichana ni ukatili ambao sheria ya mwaka 1998 iliupiga marufuku kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Twachukua mbegu na kutupa pumba. Mbegu ni kwamba wazee hawakungoja vijana wawe rika wenyewe. Waliwaweka mahali pamoja, kwa muda maalumu, wakawapa mambo ya kujifunza pamoja, na akawapo mtu mzima aliyepewa dhamana ya kuwatazama.

Hata baada ya Uhuru tulilijua jambo hili. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi waliomaliza kidato cha sita walipita humo kwa mujibu wa sheria, hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994. Ulirejeshwa mwaka 2013. Kambi yake mojawapo, Makutupora, ipo hapa hapa Dodoma. Waliopita katika kambi hizo watakuambia kwamba hawakuunganishwa na hotuba. Waliunganishwa na mchakamchaka wa alfajiri, na kuchota maji, na kupika sufuria moja, na kulima. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchunga mbuzi walipewa jembe siku moja. Naye Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliwaonya walimu kwamba elimu iliyorithiwa ilimfundisha mtu kujitazama nafsi yake, na kwamba shule lazima ifundishe kufanya kazi kwa ushirikiano. Aliwataka wanafunzi washirikiane kwa mikono yao, kwa kazi yenye mazao yanayoonekana.

Nini kifanyike? Nitaeleza kwa ufupi, ili mwalimu atakayesoma asiseme kwamba nimepiga kelele tu.

Mosi, darasa lipewe kazi ya kweli kabla juma la kwanza halijaisha. Nasema kazi ya kweli, si mchezo wa kutajana majina. Dodoma ni nchi ya ukame. Kila kikundi cha watu kumi kikabidhiwe miti kumi ya kupanda na kuitunza hadi kumaliza masomo. Mti haukubali hotuba. Usipomwagiliwa mwezi wa Agosti utakufa, na watu wote watajua ni wa kikundi gani.

Pili, katika kila kazi ya kikundi kila mtu awe na ngwe yake, atie sahihi penye sehemu yake, na mwalimu awe na haki ya kumwita yeyote aieleze kazi nzima. Asiyeweza asipewe alama za wenzake.

Tatu, vikundi vya majuma sita ya kwanza vipangwe kwa kura ya vikaratasi, si kwa kuchaguana. Baada ya hapo kila mtu aketi apendapo. Atakuwa anachagua kati ya watu anaowajua, si kati ya lafudhi.

Nne, kiongozi wa darasa asichaguliwe kabla ya mwezi mmoja. Hadi hapo uongozi uzunguke, kila juma mtu wake, ili darasa lione ni nani afikishaye ujumbe kwa wakati na ni nani apendaye cheo tu. Na kila tangazo la simu libandikwe pia ubaoni.

Tano, kicheko cha kwanza kikomeshwe na mwalimu mwenyewe, siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Tena aseme wazi kwamba swali laweza kuulizwa kwa Kiswahili, kwa kuwa swali ni la akili, si la lafudhi. Mwanafunzi atajifunza Kiingereza akiwa anasema. Hajifunzi akiwa ameziba mdomo.

Nanyi mlio kidato cha nne na cha sita, msidhani kwamba haya ni ya wakubwa. Mtafika huko karibuni, na wengine mtakuwa wa kwanza kuingia darasani. Mwalimu akisahau kutenda niliyoyasema, ninyi msisahau. Keti na usiyemjua. Ukisikia mwenzio amechekwa, uliza swali lile lile alilouliza, kwa sauti. Ukiwa na simu na mwenzio hana, mfikishie habari. Hayo hayahitaji kibali cha mkuu wa chuo.

Wapo watakaosema nimekuza jambo dogo. Nawaomba waende Kondoa. Mwaka 1973 ulianza huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo ambayo mtu angeweza kuificha nyumba ndani yake. Hali ilikuwa mbaya hivi kwamba mwaka 1979 mifugo ililazimika kuondolewa katika eneo lililoharibika, watu wakaachana na ng'ombe wao. Korongo halikuanza hivyo. Lilianza kama mfereji mdogo ambao mtoto aliruka akicheka. Siku ile mtu mmoja mwenye mawe machache angeliziba. Udongo uwahi ungali maji.

Nami nimeutumikia umma kwa miaka mingi, na nimewaona wanaotoka vyuoni wakiingia maofisini na kanuni zao zile zile. Katika kikao wawili husema na kumi hunyamaza. Wakishatoka nje, wale kumi husema yote barabarani. Taarifa ya idara huandikwa na mtu mmoja, na sita hutia sahihi. Jalada hufungiwa kabatini ili mwenzake asilione, na mwananchi aliyetoka kijijini na bahasha yake huambiwa arudi kesho. Husemwa kwamba huo ni upungufu wa maadili ya kazi, na huandaliwa semina. Semina haiwezi kuzibua mdomo uliozibwa miaka kumi nyuma. Mtumishi huyo hakujifunza ofisini kunyamaza, wala hakujifunza ofisini kujificha nyuma ya jina la kikundi. Alijifunza chuoni, juma la kwanza, na akafaulu.

Mwezi wa Novemba vijana watateremka tena Dodoma na masanduku yao. Vyuo vina siku mbili za kuwa mwenyeji mwema: kuwaonyesha bweni, bomba la maji na ofisi ya usajili. Siku ya tatu mwalimu aingie darasani, awagawe kumi kumi, awakatie ngwe, na jua likitua apite kuzikagua zote.